Nyumba ya Baiti 23

Mwaka 1982 kompyuta ya ZX Spectrum ilitoka Uingereza, na aliyekuwa na pauni 175 mkononi alipata ile kubwa, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Skrini yake ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 192 kwa kimo. Kila nukta ilitaka biti moja ya kusema kama inawaka au haiwaki, jumla baiti 6144, na juu ya hizo zikaja baiti 768 za rangi, moja kwa kila kiraba cha nukta nane kwa nane. Picha moja ya kujaza skrini, basi, ilikula baiti 6912. Ukipanga picha saba tu, kumbukumbu imekwisha na programu yenyewe bado haijapata pa kuweka mguu.

Mwaka huohuo ukatoka mchezo wa The Hobbit, kazi ya kampuni ya Beam Software ya Melbourne, Australia. Ndani yake mlikuwa na maandishi ya hadithi, wahusika waliozunguka na kufanya mambo yao bila kumngoja mchezaji, programu iliyoelewa sentensi nzima za Kiingereza, na picha za mahali mbalimbali. Vyote viliingia katika kilobaiti 48 hizohizo, na vilipakiwa kutoka kwenye kaseti ya kawaida, ya aina ileile iliyotumika kurekodi muziki. Mchezaji alipofika mahali penye picha, skrini ilisafishwa, mstari mmoja ukajichora, ukafuata mwingine, mlango ukapata umbo, kisha rangi ikamwagika ndani ya umbo lile na kulijaza mpaka ukingoni. Wengi walichoka kungoja. Kwangu mimi, huko kungoja ndiko kulikokuwa na utamu wote, kwa sababu mtu aliona kwa macho yake kinachofanyika: kompyuta ilikuwa inaichora picha upya, kwa mpangilio uleule alioutumia mchoraji siku alipoiunda. Ni kama alikuwa amekuachia mkono wake ndani ya kaseti.

Kuna njia mbili za kumfikisha mgeni kwako. Unaweza kumpa picha ya mtaa mzima iliyopigwa kutoka angani, au unaweza kumwambia ashuke kituoni, anyooshe hadi msikitini, akate kushoto, nyumba ya tatu yenye geti la bluu. Maelekezo yanabebeka kichwani. Picha ni mzigo. Ila maelekezo yana masharti yake: mgeni awe na miguu, na ajue kushoto ni upande gani. Vivyo hivyo picha iliyohifadhiwa kwa amri inaitaka kompyuta ijue kupiga mstari na kumwaga rangi, na ifanye kazi hiyo tena kila picha inapohitajika. Unachookoa kwenye nafasi unakilipa kwa muda.

Tutazame mfano mdogo kwa karibu. Kompyuta za MSX zilianza kuuzwa Japani mwaka 1983, na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait ikazisambaza Ghuba na nchi nyingine za Kiarabu kwa jina la Sakhr, zikiwa na herufi za Kiarabu. Lugha yake ya BASIC, iliyotoka Microsoft, ilikuwa na amri ya DRAW. Amri hiyo ilipokea mfuatano wa herufi na namba, kila herufi ikiwa ni mwendo wa kalamu: U kupanda, D kushuka, L kushoto, R kulia, na E, F, G, H kwa mishazari minne. Nyumba yenye paa la pembetatu iliandikwa hivi:

DRAW "BM40,100U40E20F20D40L40"

BM40,100 inaipeleka kalamu kwenye nukta ya 40 kutoka kushoto na ya 100 kutoka juu bila kuacha alama. U40, ukuta wa kushoto unapanda. E20, paa linapanda kwa mshazari kuelekea kulia. F20, linashuka upande wa pili. D40, ukuta wa kulia. L40, sakafu inarudi ilikoanzia na umbo linajifunga. Ndani ya alama za nukuu mna herufi 23, na kila herufi ni baiti moja. Ongeza amri moja ya PAINT, yenye namba mbili za mahali popote ndani ya kuta, na nyumba nzima imepakwa rangi. Weka S8 mwanzoni, na kila hatua inakuwa mara mbili. Weka S2, na nyumba inakuwa nusu, tayari kukaa mbali kwenye kilima. Badilisha namba za BM na unaipata nyumba ya jirani. Kijiji kizima kinajengwa kwa maneno machache, jambo ambalo picha ya nukta haikupi hata uiombe vipi.

Kazi hiyo yote ilitegemea jambo moja lililoonekana dogo, nalo ni kupiga mstari ulioinama. Mstari wa mlalo au wa wima hauna taabu. Taabu ni mstari unaokwenda nukta 37 kulia na 11 juu, kwa sababu nukta hazina nusu, na prosesa za wakati ule, 6502 ndani ya Apple II na Z80 ndani ya Spectrum, hazikuwa na amri ya kuzidisha wala ya kugawanya. Dawa ilikuwa imeshapatikana miaka 20 nyuma. Jack Bresenham wa IBM, huko San Jose, California, mwaka 1962 alibuni njia ya kuiongoza mashine iliyochora kwa kalamu kwenye karatasi, na mwaka 1965 jarida la IBM Systems Journal likaichapisha. Kwa mstari wetu, kalamu inakwenda kulia nukta moja moja, na kila hatua inaongeza 11 kwenye deni. Deni likipita nusu ya 37, kalamu inapanda nukta moja na 37 inatolewa kwenye deni. Kujumlisha, kutoa na kulinganisha, basi. Hata prosesa dhaifu iliimudu hesabu hiyo, na mistari yote ninayoisimulia katika sura hii, kwa namna moja au nyingine, ni jamaa ya ule wa Bresenham.

Waliotangulia kuigeuza njia ya kuhifadhi picha kwa amri kuwa biashara ya nyumbani ni Ken na Roberta Williams wa California. Mwaka 1980 walitoa mchezo wa Mystery House kwa kompyuta ya Apple II, na unahesabiwa kuwa mchezo wa kwanza wa visa uliokuwa na picha kwenye kompyuta ya nyumbani. Roberta alichora, Ken akaandika programu. Picha ya skrini nzima ya Apple II ilikula kilobaiti nane, na mchezo ulikuwa na picha zipatazo 70. Ukizidisha unapata kilobaiti 560, wakati diski moja ya Apple haikufika hata 150. Wakanunua VersaWriter, ubao bapa wenye mkono wa viungo viwili. Unabandika mchoro wako wa karatasi juu ya ubao, unaufuatisha kwa ncha ya mkono ule, na viungo vinaiambia kompyuta ncha iko wapi. Kilichobaki kwenye diski ni orodha ya vituo ambavyo ncha ilipitia. Mchezo ulipochezwa, programu iliviunganisha vituo kwa mistari.

Picha za Mystery House si nzuri. Watu wake wamesimama kama vijiti, ngazi zimepinda, na nyumba ina sura ya daftari la mtoto. Ninazipenda hata hivyo, kwani ndani yake unaona uamuzi wa mtu aliyejua kwamba kila kituo cha kalamu kina bei. Hakuna mstari wa anasa. Miaka miwili baadaye Roberta akatoa Time Zone, iliyojaza pande 12 za diski na kuwa na mahali zaidi ya 1000 pa kutembelea. Bila picha za amri mchezo wa ukubwa ule usingefikirika.

Lakini Ken alikuwa mwandishi wa programu kwa taaluma. Mtu wa kawaida nyumbani alifanya nini? Alifanya kwa penseli. Lugha ya Applesoft ya Apple II ilikuwa na kitu kilichoitwa jedwali la maumbo, na mwongozo wake ulimtaka mtu achore umbo kwenye karatasi ya miraba kwa vishale, juu, kulia, chini, kushoto, kila kishale kikiwa cha kuchora au cha kupita tu. Kisha kila kishale kinageuzwa kuwa biti tatu. Baiti moja ina biti nane, kwa hiyo viliingia vishale viwili kamili na cha tatu kilichobanwa katika biti mbili, ambacho hakikuweza kuchora, kiliweza kupita tu. Baada ya hapo biti zinageuzwa kuwa namba za heksadesimali na kuingizwa kwenye kibodi moja moja. Na palikuwa na mtego: kupanda bila kuchora kulikuwa 000, na baiti yenye sifuri tupu ndiyo ilikuwa alama ya mwisho wa umbo. Umbo lililotaka kupanda mara tatu mfululizo kimyakimya liliweza kujikuta limekatwa katikati, na mwenyewe akabaki kuhesabu vishale tangu mwanzo.

Hapo ndipo zana zilipokuja kuokoa watu. Mwaka 1982 kampuni ya Penguin Software ya Mark Pelczarski, iliyokuwa Geneva katika jimbo la Illinois, iliuza The Graphics Magician. Mchoraji alichagua rangi, akachagua brashi, akasogeza kishale kwa kijiti cha michezo au kwa ubao wa kuchorea, na alichokiona kwenye skrini ni picha yake ikikua. Nyuma ya pazia programu ilikuwa inaandika: mstari hadi hapa, badilisha rangi, gusa kwa brashi ya tatu, mwaga rangi pale. Akimaliza, alipata faili fupi ya amri pamoja na kipande cha programu cha kuzisoma, na vyote viwili aliviunganisha na mchezo wake. Antonio Antiochia aliitumia kuchora Transylvania, mchezo uliotoka mwaka huohuo, wenye misitu na kasri ambazo ukizitazama leo bado zinatia baridi.

Nadhani umuhimu wa zana hiyo haujasemwa vya kutosha. Ilitenganisha kazi mbili zilizokuwa zimefungwa kwenye kichwa kimoja. Mchoraji hakuhitaji tena kujua biti, na mwandishi wa programu hakuhitaji kujua kuchora mti. Na bado mchoraji, bila kujua wala kujali, alikuwa anaandika programu, kwa kuwa orodha ya amri zinazotekelezwa kwa mpangilio ni programu, iwe imeandikwa kwa kibodi au kwa mkono unaosogeza kishale.

Uingereza nako, kampuni ndogo ya Gilsoft kutoka mji wa Barry, Wales, ilikuwa imetoa The Quill mwaka 1983, kazi ya Graeme Yeandle, iliyomwezesha mtu asiyejua lugha ya mashine kutunga mchezo wa maandishi. Mwaka uliofuata wakaongeza The Illustrator, na michezo ile ikapata picha. Kazi yake ilikwenda hivi. Kishale kinakaa mwisho wa mstari uliopita. Ukikisogeza, mstari wa majaribio unakifuata, unanyooka na kufupika pamoja nacho, mpaka uridhike na ubonyeze. Hapo amri moja inaongezeka kwenye orodha. Mti ukishachorwa vizuri mara moja, unahifadhiwa peke yake na kuitwa tena kwa amri ndogo, kwa ukubwa wowote wa sehemu za nane. Msitu mzima unakuwa mti mmoja ulioitwa mara nyingi, mwingine robo, mwingine nusu, ule wa mbele kabisa kwa ukubwa wake wote.

Kumwaga rangi ndiko kulikokuwa raha na balaa. Ni amri ya bei nafuu kuliko zote ukilinganisha na inachofanya: namba mbili za mahali, na anga lote linajaa. Programu inaanzia nukta uliyoitaja, inasambaa juu, chini na pembeni, na kusimama inapokuta mstari. Ila mstari ukiwa na pengo la nukta moja tu, pale ambapo paa halikugusa ukuta sawasawa, rangi inachungulia, inapenya, na kabla hujaondoa kidole imeshafurika skrini nzima. Zana nzuri ilikuruhusu kurudi nyuma amri moja moja, ulione pengo, usogeze mwisho wa mstari, kisha uendelee mbele. Kwenye Spectrum palikuwa na tatizo jingine lisilo na dawa, kwamba kila kiraba cha nukta nane kwa nane kilibeba rangi mbili tu. Mchoraji aliyetaka mwezi wa njano nyuma ya tawi la kijani ilimbidi alipange tawi lipite kwenye mipaka ya viraba, la sivyo rangi moja ingeila nyingine. Ukitazama picha nzuri za enzi zile kwa makini utaona mapaa yanaanzia na mabonde yanaishia kwenye mistari ya gridi ambayo haionekani. Wachoraji wale waliijua gridi hiyo kwa moyo.

Kazi iliyofanywa kwa ustadi kupita zote katika njia hii, kwa maoni yangu, ni ya kampuni ya akina Williams wenyewe, wakati huo ikiitwa Sierra On-Line. IBM ilikuwa inatengeneza kompyuta ya nyumbani ya PCjr na ikataka mchezo wa kuionyeshea. Mwaka 1984 ukatoka King's Quest, ambamo shujaa anatembea ndani ya picha, anapita nyuma ya mti na mbele ya jiwe. Picha zake zilikuwa na nukta 160 kwa 168 na rangi 16. Kwa kuhifadhi nukta tupu, kila moja ingekula baiti 13,440.

Angalia walivyobana. Namba ya mahali haikuweza kuzidi 167, kwa hiyo baiti zote kuanzia 240 zilikuwa hazina kazi. Wakazifanya amri: 240 badilisha rangi, 246 mistari mirefu, 248 mwaga rangi, 255 mwisho wa picha. Programu ikisoma namba ndogo inajua ni mahali. Ikikutana na 240 au zaidi inajua kazi imebadilika. Hapakuhitajika kusema mstari una vituo vingapi, kwa sababu amri inayofuata ndiyo inayoukata. Kwa kuta na madirisha walitenga amri za pembe: mlalo na wima vinapokezana, kila kona inataka namba moja badala ya mbili. Kwa majani na mawe, yenye mistari mifupifupi, palikuwa na amri ya 247, ambamo kila hatua ni baiti moja tu: biti nne za kulia au kushoto, biti nne za juu au chini. Hatua iliweza kufika nukta saba kwenda kulia, kupanda au kushuka, lakini kushoto ilikoma kwenye sita, kwa kuwa saba kushoto ingezaa baiti ya 240 au zaidi, na programu ingedhani ni amri mpya. Mchoraji hakuhitaji kulijua hilo. Zana ndiyo iliyomchungia.

Na nyuma ya kila picha palikuwa na ya pili isiyoonekana, iliyochorwa kwa amri zilezile ndani ya faili ileile. Rangi zake hazikuwa za macho. Zilieleza kina: mti huu uko mbele kiasi hiki, jiwe lile kiasi kile. Shujaa alipotembea, programu ililinganisha mahali alipo na picha hiyo, ikajua aonekane au afichwe. Mkono uleule uliochora shina la mti kwa rangi ya udongo ulirudi ukalichora tena kwa rangi ya umbali. Sijaona njia nyingine ya wakati ule iliyopata mengi kiasi hicho kwa baiti chache namna hiyo.

Enzi yenyewe haikudumu. Diski ngumu zilienea, kumbukumbu ikashuka bei, na mwaka 1990 King's Quest V ilitoka na mandhari yaliyochorwa kwa brashi na rangi halisi kwenye karatasi, kisha yakapigwa skana nukta kwa nukta. Yalipendeza mno, na hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Mbinu yenyewe ilihamia kwingine. Herufi unazosoma kwenye simu hazikuhifadhiwa kama nukta. Kila moja ni orodha fupi ya vituo vya kalamu na mikunjo, na simu inaichora upya kwa ukubwa unaoutaka, sawa na ile nyumba yetu yenye S2 na S8. Nembo na alama nyingi kwenye tovuti zimeandikwa kwa SVG, mfumo ambao taasisi ya W3C iliupitisha mwaka 2001, na ukiifungua faili yake utakuta M ya kupeleka kalamu na L ya kupiga mstari.

Faili za King's Quest za mwaka 1984 bado zipo, na wapenzi wa michezo hiyo wametengeneza programu za kuzifungua na kuzitazama amri moja baada ya nyingine. Unaanza na skrini nyeupe na kubonyeza. Katika mfumo ule rangi ilimwagika juu ya weupe tu, kwa hiyo unamwona mchoraji akizungushia mipaka kwanza, akiacha weupe anaouhitaji baadaye, akimwaga anga, akimwaga majani, kisha akirudi kupiga mistari ya vivuli juu ya kilichokwisha kujaa. Hapa na pale unakutana na mstari uliopigwa kisha ukapitiwa juu na mwingine wa rangi tofauti. Picha ikikamilika hauonekani tena, lakini kwenye orodha bado upo, na kompyuta inauchora kila mara kabla ya kuufunika.